Picha ya Ubongo wa Dada Yangu

Daktari aligeuza kompyuta ili sote wawili tuone. Ubongo wa dada yangu ulikuwa wa kijivu wenye madoa meupe. Moja liling'aa kwa sababu ya dawa aliyodungwa kabla ya kuingizwa kwenye mashine. Hilo, daktari alisema, ni la juzi, na ndilo lililomfanya ashindwe kuinua mguu. Mengine hayakung'aa, ni ya zamani.

Alituambia ugonjwa huu, multiple sclerosis, hula ganda la mishipa ya fahamu, na kwamba picha inaweza kuonyesha madhara ambayo mgonjwa hakuyatambua. Akauliza kama miaka ya nyuma mwili uliwahi kumsumbua, kisha ukapona wenyewe. Jibu lingemsaidia kuamua aanze na dawa ya nguvu gani, kwa sababu mshipa uliokufa haurudi.

Dada alitazama mikono yake. Akasema hakumbuki.

Mimi nilikumbuka. Ilikuwa matanga ya baba, nyumbani Matungu, miaka sita iliyopita. Nilikuwa nimerudi kwa siku chache kutoka kuzurura kwangu. Dada alikuwa akiwapitishia waombolezaji chai. Akaanza kupepesuka, ulimi ukawa mzito, sinia nzima ikawamwagikia akina mama wa kanisa. Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Nikasema kwa sauti kwamba pombe ya busaa ya jirani imemfika miguuni.

Hakuwa ameonja tone. Lakini kwa wiki tatu alitembea akishika ukuta, na kila aliyemwona akaniamini. Wazee wa kanisa walimtoa kwenye kwaya, wakamketisha benchi la nyuma pamoja na walionyimwa ushirika. Mguu ulipopona, wakasema ameacha pombe, wakamrudishia ushirika. Kwenye kwaya hakurudi. Mimi nilikuwa nimeshaondoka zamani; hayo nilisimuliwa.

Nilimweleza daktari yote, hata ule utani, ingawa hakuuhitaji. Akaandika. Akauliza ulikuwa mguu upi.

"Wa kushoto," dada alisema kabla sijafungua mdomo.

Kumbe alikuwa anakumbuka.

Nje tuliketi kwenye ukingo wa saruji apumzishe mguu.

"Umemwambia daktari," alisema. "Huyo ni mtu mmoja, tena asiyetujua. Waliocheka walikuwa kanisa zima."

Nikamwambia Jumapili nitasimama niseme ukweli.

"Jumapili utakuwa hapa, wewe mtu wa barabara?"

Nikaapa kwa kaburi la baba. Akatabasamu kidogo, akanishika bega tuondoke.

Alianza dawa Alhamisi. Jumamosi asubuhi nilifunga begi, nikamwambia kuna kibarua cha kuvuna mahindi Lumakanda. Kibarua kilikuwepo kweli. Kingeweza kungoja hadi Jumatatu. Alinifungia viazi vitamu vya njiani.

Kesho yake, saa ambayo kanisani kwetu husomwa matangazo na wenye neno husimama, simu yangu iliita mara moja. Niliona ni yeye. Sikushika.