Nira ya Bwana Harding

Tonui alifundisha maksai kulima huko Keringet miaka kumi, kisha akaajiriwa kutunza wazungu wazee katika makao yao mjini Nakuru. Akakabidhiwa Bwana Harding, aliyepona nyonga iliyovunjika lakini akakataa katakata kutembea tena. Tonui alijua dawa moja tu: maksai mgeni hufungwa nira pamoja na mzoefu. Akamfunga nira na Bwana Pratt, mzee mwenzake aliyetembea bila shida, wakavuka ukumbi wakitukanana.

Matroni, msimamizi wa makao, akaja mbio. "Hawa ni watu, si ng'ombe!"

Tonui, aliyeitwa ng'ombe na wazee hao tangu asubuhi, akaifungua nira. Wazee wakaketi sakafuni, wakagoma kula mpaka wafungwe tena.

Jioni Matroni akaileta nira mwenyewe, amenywea. "Wafunge. Na kesho unifunge mimi, goti linaniua."

Tonui akamkagua kama maksai mnadani. "Memsahibu huvuta upande gani, kulia au kushoto?"