Chozi Kwenye Kioo cha Kinyozi

Makasi, kinyozi wa pale kona, alikuwa na wivu, tena si wa kujificha. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyemfundisha mwenyewe kushika mashine, eti naye kafungua saluni ng'ambo ya barabara! Kila kichwa kilichoingia kule, Makasi alikiona kimeibwa kwake.

"Yule? Hata shingo hajui kuchonga!" aliwaambia wateja.

Msimu huo ndege wawili wadogo, chozi, walijenga kwenye kichaka cha maua mlangoni pake, kiota kinaning'inia kama kifuko. Dume, kijani cha kumetameta na kifua chekundu, akajiona kwenye kioo cha ukutani. Lo! Akadhani kuna dume mwingine anamtaka mkewe. Tangu asubuhi ni ta! ta! ta!, mdomo kwenye kioo, na jike anahangaika peke yake kulisha makinda.

"Huyo atajiua," mke wa Makasi alisema alipoleta chai. "Funika kioo mpaka makinda waruke."

"Wateja si watavuka barabara?"

"Kwa hiyo umwache afe?"

Akafunika kwa shuka, kanuna. Kweli chozi akatulia, akarudi kuwaletea wanawe wadudu. Na kweli wateja wakavuka.

"Sasa nitajuaje kama umenichonga sawa?" akauliza fundi viatu, mteja wake wa miaka nenda rudi, akainuka. Makasi akamwona kule ng'ambo anacheka na mdogo mtu. Roho ikamuuma, akaling'oa lile shuka.

Haikuchukua muda. Ta! ta! ta! Kisha kimya. Chozi alikuwa sakafuni katikati ya nywele, mdomo wazi. Makasi akamwokota, akausikia moyo wake ukienda mbio kiganjani.

"Mjinga wee! Unapigana na nani? Hakuna mtu mle!"

Maneno yale yakamrudia mwenyewe, akajisikia aibu.

Alimweka kwenye kichaka, akasubiri mpaka aliporuka. Akalipigilia shuka misumari juu ya kioo, akavuka barabara. Mdogo wake akazima mashine, akangoja matusi.

"Ninyoe," Makasi akasema, akikaa. "Wivu umenichosha. Na shingo uichonge vizuri."

"Sawa, kaka."

Shingo ilitoka safi, safi kuliko zote alizowahi kuchonga yeye, na bado roho ilimuuma.