Gunia la Mama Mkwe Ndani ya Pipa

Kwa desturi yetu, mtu haongei na mama mkwe wake ana kwa ana. Mke ndiye anayepeleka neno. Siku ile mke wangu alikuwa sokoni, na wazee wa mtaa walikuwa wamejaa uani kwangu. Mimi, niliyejiita mtaalamu wa makaa, niliwaahidi kupasha makaa ya mawe pamoja na takataka za shamba ndani ya pipa lililofungwa, tupate makaa yasiyo na moshi mwingi.

Takataka zikapungua. Karibu na jiko palikuwa na gunia la mama mkwe, aliyefika kwa treni kutoka Kasaji. Nikachungulia: maganda ya karanga. Lilikuwa zito kuliko maganda, lakini mtaalamu mzima hashangai. Nikamimina lote.

Pipa likaanza kunukia karanga za kukaanga. Wazee wakameza mate.

“Njo chimie hiyo, batata,” nikawaambia wazee, kifua mbele, nikijivunia kemia yangu.

Mama mkwe, aliyeketi akinipa mgongo, akageuka. Akanitazama usoni mara ya kwanza tangu harusi.

“Mukwe, ile ni mbegu yangu ya kupanda. Nilitia maganda juu kusudi bezi, bale ba kuiba mu treni, bawaze ni takataka. Bale baliacha. Weye njo ulibeba.”