Dari la Lori la Kipkurui

Kipkurui alianza kudharau watu kabla hata hajaota ndevu. Akiwa mvulana wa shule alisimama ukingoni mwa shamba la babake, kule Kimulot, akawatazama wazazi na ndugu zake wameinama kwenye michai, akauliza kama wamepoteza kitu. Alichapwa, bila shaka, lakini kichapo hakikumtoa ulimi. Alikua nao, akaunoa, na baadaye akautembeza nchi nyingi.

Maana alitembea kweli. Alipata kazi ya utingo kwenye malori ya kubeba watalii, yale yanayotoka Nairobi na kulala porini hadi Cape Town, kisha akapewa usukani mwenyewe. Kila alipokuja likizo alikwenda kusimama kwenye kituo cha kupimia majani chai, mikono mfukoni, viatu vikavu, akawauliza waliopanga foleni: "Nyinyi mmefika wapi?" Alimaanisha nchi gani. Nao, ambao walikuwa wametoka tu shambani na magunia mgongoni, walimjibu kwamba wamefika hapo tu, wanangoja mizani. Kipkurui alicheka peke yake. Lilikuwa swali la kipumbavu, na aliuliza kila mwaka.

Aliyempa raha zaidi ya kudharau alikuwa kakake mkubwa, Benard. Benard hakuwahi kulala nje ya Konoin, wilaya yao, ila pale alipolazwa hospitalini Kericho na kichomi. Alichuma chai, alikamua ng'ombe, Jumapili alivaa koti lilelile. Kipkurui alimwita mti wa chai. "Wewe hata ukikatwa," alimwambia mbele za watu, "utachipuka palepale." Benard alitabasamu, akasogeza gunia begani, akaenda kupima majani yake. Jambo hilo lilimuudhi Kipkurui kuliko ambavyo angeudhika kama angepigwa ngumi.

Kampuni ya watalii ilipofungwa, Kipkurui alirudi nyumbani na lori kuukuu la kijeshi alilolinunua kwenye mnada, lenye kusukuma kwa magurudumu yote manne. Mgongo wa lori ulikuwa mtupu. Akalipeleka moja kwa moja kituoni, siku ya foleni ndefu, akasimama kwenye kanyagio la mlango ili aonekane vizuri.

"Naweka nyumba hapo nyuma," akatangaza. "Kitanda, jiko, choo, kila kitu. Halafu naenda, na sirudi kukaa hapa kusikiliza maneno ya bonasi ya chai."

Nyaguthii, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sentani, penye maduka ya kijiji, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Nyeri, aliuliza fundi ni nani.

"Fundi ni mimi. Na mnisikie vizuri. Hakuna mtu wa Kimulot atagusa hii kitu. Siku mtanisikia nikisema mmoja wenu amenisaidia, mjue nimerukwa na akili."

Watu walisikia. Katika kituo kile maneno kama hayo hayapotei, yanawekwa.

Nyumba aliyoitaka haikuwa ya mbao wala ya mabati. Fundi mmoja alipompendekezea mabati, alimwambia akajenge choo cha soko. Yeye alitaka paneli: katikati povu gumu la manjano, lile linalojazwa kwenye milango ya friji, na juu na chini yake shiti nyembamba ya faiba. Vyote vitatu hupakwa gundi ya kuchanganywa na kukandamizwa mpaka viwe kitu kimoja. Ukuta wa namna hiyo ni mwepesi, hauozi, na hauruhusu baridi wala joto. Lakini ukikandamizwa vibaya, shiti huachana na povu, na barabara za kaskazini huumaliza kwa mtikisiko.

Ili apate pa kufanyia kazi, alitoa ng'ombe bandani. Mkewe Chepngetich, mama wa binti yao Nelvine, akawa anakamua kwenye mvua, kofia ya plastiki kichwani, huku mumewe akipima povu kwa rula mahali palipokuwa pakavu. Alipomuuliza ng'ombe watarudi lini, Kipkurui alisema ng'ombe wa huko Namibia hawajui hata banda ni nini. Chepngetich akarudi kukamua.

Kuta zilitoka vizuri, na hilo lilimzidishia kiburi. Alizikandamiza kwa magunia ya mbolea ya mkewe, moja baada ya nyingine, zikanyooka. Kisha mvua ikakolea, Chepngetich akachukua mbolea yake akaitia shambani, na Kipkurui akabaki na paa, paneli kubwa kuliko zote, bila uzito wa kuweka juu yake. Kila nyumba jirani ilikuwa bado na magunia. Lakini kuazima ni kusaidiwa, naye alikuwa ametangaza.

Basi akabuni. Alilaza paneli mezani, uso wa nje ukiangalia chini ili upate unyoofu wa meza, na uso wa ndani, ule utakaokuwa dari, ukiangalia juu. Akapaka gundi, akafunika na shiti, akapanga mbao. Juu ya mbao akasimamisha majeki ya lori, vichwa vyake vikiegemea mapao ya banda. Kama jeki linainua lori, alijiambia, litashindwaje kukandamiza povu? Aliyezunguka Afrika yote hakuwaza kwamba jeki husukuma juu kama linavyosukuma chini, na kwamba banda la ng'ombe limejengwa kuzuia mvua tu.

Alipolikaza jeki la mwisho, misumari ililia. Mabati yalipanda polepole, mwanga ukaingia bandani, kisha paa zima likateleza na kuangukia ua wa misipresi. Majeki yakaanguka, mbao zikatawanyika. Ng'ombe waliokuwa nje waliacha kula wakatazama. Shiti ya faiba, iliyokuwa imelazwa kwa nguvu, ikaanza kuinuka pembeni.

Gundi ile ikishachanganywa haingojei mtu. Kipkurui aliruka juu ya paneli akakalia kona. Kona ya pili ikainuka. Akakimbilia ya pili, ya kwanza ikainuka tena. Mtu mzima, amevuka Zambezi mara ambazo hakumbuki, alikuwa akitambaa juu ya meza kama mtoto anayefukuza kifaranga, na jasho linamtoka. Hakuwa na povu jingine wala shiti nyingine. Paneli hiyo ikiharibika, safari imekwisha, na atazeeka kwenye foleni ya mizani.

Chepngetich alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa.

"Niite watu?"

"Usithubutu!"

"Hiyo kona ya kule inainuka."

Akakimbilia kona ya kule.

"Baba Nelvine, niite?"

Kipkurui alikuwa ameshakimbilia kona nyingine. Chepngetich akaweka ndoo chini akaenda.

Nyumba ya tatu kulikuwa na maombi ya kina mama. Kipkurui alikuwa amewasema sana, kwamba wanaombea mvua mahali ambapo hakuna siku isiyonyesha. Walikuja wote, wakiongozwa na Edinah, mwenyekiti wao, Biblia bado mkononi. Nyaguthii alikuwa kati yao. Njiani walikutana na Benard akipeleka majani kituoni, naye akafuata, gunia mgongoni.

"Vueni viatu," Kipkurui alisema bila kuwatazama usoni. "Mkae. Msisimame, na msisogee."

"Soksi yangu iko na shimo," Nyaguthii akasema. "Ukitaka uzito wangu, chukua na gamboti."

Akapanda na gamboti zake za mpira. Wengine wakapanda wakicheka, wakashikana mabega, mmoja akiuliza kama hii ndiyo Cape Town. Waliketi kuzunguka kingo zote, lakini katikati hapakuwa na mtu, na Kipkurui aliona shiti imetuna pale. Hakusema. Kusema kungekuwa kuomba.

Benard aliona. Alilaza gunia lake upande mmoja wa uvimbe, akavua viatu, akaenda kupiga magoti katikati kabisa, akabonyeza na viganja. Mvua ikaanza. Kwa kuwa paa lilikuwa limelala juu ya ua, kina mama walifungua miavuli na kutandaza turubai vichwani, wakatulia chini yake kama waliokuwa wamealikwa.

"Sasa," akasema Edinah, "kwani hapa watu hawapewi chai?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Hakuna boma Kimulot ambalo mgeni huketi muda wote huo bila kikombe. Chepngetich alikuwa amekalia kona, hakuweza kuondoka. Kipkurui akaenda jikoni mwenyewe, akawasha moto, akachemsha chai kwa maziwa yaleyale ya kwenye ndoo, akawapelekea kwenye mvua, mmoja mmoja, akimeza mate ya hasira. Nyaguthii alirudisha kikombe akasema sukari haitoshi.

Alipofika katikati na kikombe cha mwisho, Benard alikuwa amefumba macho.

"Bwana," alikuwa akisema, bila kuinua sauti, "shika hii kitu ya ndugu yangu, isiachane. Anataka kwenda. Mpeleke. Na huko atafika, asikose mtu."

"Amina," wakasema kina mama.

"Chukua chai," Kipkurui akasema. "Inapoa."

Benard aliinywa akiwa amepiga magoti vilevile. Alikaa hivyo mpaka gundi ikashika.

Paneli ilishika kweli. Ukiigonga popote ilitoa sauti moja, nzito. Ila faiba ni nyembamba, na povu lina kumbukumbu ndefu: uso wa juu, ule wa dari, ulikuwa umebonyea kila mahali palipokuwa na kisigino, kiwiko au goti. Kipkurui alitukana siku nzima. Kisha akanunua kitambaa kizito cha kijivu, akakibandika dari zima, na ukiingia usingejua kitu. Miezi michache baadaye nyumba ilikuwa imekaa mgongoni mwa lori, madirisha yamewekwa, jiko linawaka. Aliondoka asubuhi. Chepngetich alikataa kwenda, akasema ng'ombe wake wanadai banda, na Benard alikuwa ameshaleta mbao. Ni Benard pia aliyefungua lango. Kipkurui alipiga honi mara moja, na hakuwaambia ahsante wala kwaheri.

Alipita Kalacha akaingia jangwa la Chalbi bila msumari kulegea. Huko alikutana na Amolo, aliyekuwa dereva mwenzake zamani na sasa anaendesha gari la wapima madini. Amolo alizunguka lori, akagonga kuta, akapiga mluzi.

"Omera, ndugu yangu, hii umejengewa wapi?"

"Nimejenga. Peke yangu, kutoka bolti mpaka paa. Wale wa kwetu unawajua, hawawezi kujenga hata kizimba cha kuku."

Lilikuwa jua la mchana lisilo na huruma, wakaingia ndani. Amolo akajilaza kitandani. Joto lilikuwa limeilegeza gundi ya kitambaa tangu jana, na sasa upande wake mzima ulikuwa unaning'inia. Amolo aliuvuta kwa kidole, na kitambaa chote kikamwangukia usoni. Alipokitoa alibaki ametazama juu.

"Peke yako?" akauliza. Akanyoosha mkono akaingiza ngumi kwenye shimo moja la kisigino. "Na huyu?"

Kipkurui alitazama dari. "Nyaguthii," akasema. "Mama wa duka. Mchoyo, anaweza kukuuzia msumari nusu. Alikataa kuvua gamboti."

"Huyu?"

"Edinah. Anaomba mpaka chakula kinalala. Hapo aliegemea kiwiko." Sasa hakungoja kuulizwa. Alikwenda kona kwa kona, akionyesha kwa kidole: yule anayecheka kila kitu, yule aliyelala usingizi akakoroma, mkewe Chepngetich, mkaidi kuliko punda. Kila mmoja alipata tusi lake, na Amolo alicheka mpaka akakohoa.

"Hii pana?"

"Gunia la majani chai."

"Na hizi mbili?" Zilikuwa katikati, juu kabisa ya mto wa kulalia, mviringo na mviringo, zimezama kuliko zote, na mbele yake alama za viganja.

"Huyo ni Benard," Kipkurui akasema. "Kaka yangu."

Amolo alingoja tusi, tayari amekenua meno. Kipkurui alifungua mdomo. Lile la mti wa chai lilikuwa pale pale ulimini, alikuwa amelitumia miaka na miaka, na sasa halikutoka. Alijaribu jingine, nalo likakwama.

"Alikuwa anafanya nini hapo, amepiga magoti?"

Nje hapakuwa na mtu wala mti, mpaka macho yalipochoka.

"Alikuwa ananisaidia," Kipkurui akasema, akashuka upesi kwenda kukagua magurudumu, ambayo hayakuwa na shida yoyote.