Nilimzuia Mume Wangu Kufunga Keria

Ndugu msimamizi wa ukurasa huu, naomba barua yangu itoke bila jina langu wala la mume wangu. Mbeya hii tunafahamika, na wenye magari mtaani kwetu wanahesabika.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi, Mnyakyusa. Nimeolewa na Mhehe wa upande wa Mafinga, nitamwita Baba Sekela. Tuna watoto wanne, tunakaa Ilomba. Mwaka sabini na tano mume wangu alipata Pijo 404 kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nililipenda gari lile kupita kiasi, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Baba Sekela alitaka tulifungie keria, kile chuma cha kubebea mizigo juu ya gari, ili tukienda kwao turudi na viazi na mbao. Akaagiza kwa fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa. Mimi sikutaka hata kusikia. Jirani yetu alikuwa na Landrova yenye keria, nami niliona yaliyokuwa yanampata. Kila msiba mlango wake ndio uliobishwa hodi kwanza. Mnajua huku kwetu mtu akifia ugenini sharti arudishwe kwao, na sanduku husafiri juu ya gari. Ukiombwa huwezi kukataa, maana na wewe utafiwa. Lakini gari lisilo na keria haliombwi. Nikajiona mjanja. Nilimwambia mume wangu watoto wangu hawatapanda gari lililobeba maiti za watu, akacheka tu, akanituma kwa fundi nikaulize kama kazi imekwisha.

Ilikuwa imekwisha, imeegemezwa ukutani, rangi bado mbichi. Nikamwambia fundi mume wangu ameghairi, amuuzie mwingine. Nyumbani nikasema fundi anayajua magari yale, bati lao la juu ni jepesi, ukiweka mzigo linabonyea. Baba Sekela ni karani, mambo ya magari hayajui. Akasikitika kidogo, yakaisha.

Mwaka uliofuata baba mkwe aliletwa kwetu kutibiwa. Mzee yule alinipenda, nami nilimpenda. Alikuwa akisema hana shida na kufa, ila azikwe kwao, karibu na kaburi la mama yake. Masika yalipochachamaa akafariki.

Landrova ya jirani ilikuwa gereji, injini imefunguliwa, kwa hiyo siku tatu mume wangu alitafuta lori. Madereva wa mbao wanaorudi Mafinga tupu walikataa kubeba maiti. Akataka amlaze baba yake kwenye kiti cha nyuma, baba mdogo akakataa kabisa, akasema kaka yake hawezi kukunjwa miguu kama mzigo. Ndipo wazee wakashauri sanduku lifungwe kwa kamba juu ya Pijo letu. Baba Sekela akawaeleza kwamba fundi alishasema bati halihimili, sanduku litaanguka njiani, iwe aibu kubwa zaidi. Nilikuwa hapohapo, nimeshika birika, nawamiminia chai. Neno moja langu lingetosha. Sikulitoa.

Tulimzika makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua. Tuliporudi mume wangu aliweka kiganja juu ya gari akasema, "Lingekuwa na bati gumu kidogo tu, baba angekuwa kwao leo." Tangu siku hiyo sijalala usingizi wa haki. Akiliosha gari anafika juu anasimama, kitambaa mkononi, najua anawaza nini. Mimi mwenyewe siku hizi natembea kwa miguu hadi shuleni, nasingizia mazoezi. Mara mbili nimelitazama kupitia dirisha la darasa la tatu, limeegeshwa barabarani, nikaona sanduku juu yake. Nikafikicha macho, halipo. Watoto waliniuliza mwalimu analilia nini.

Sasa sikieni linalonitesa zaidi. Mama mkwe anaishi na sisi tangu msiba ule, na kifua chake kibovu. Mwezi uliopita alimwita mwanawe akamwambia hataki kulala kule kwa wageni alikolala mumewe, gari lifungwe chuma juu wakati yeye angali anaona, roho yake itulie. Baba Sekela akamjibu kwa maneno yangu yaleyale. Bibi akasema basi arudishwe Mafinga akiwa hai, kwa kuwa akiwa maiti hatuwezi. Nyumba ya kule haina mtu. Daktari amesema baridi ya huko Mafinga itammaliza. Mwanawe ameomba mpaka amechoka, bibi habadiliki. Shule zikifungwa mwezi wa sita, tunampeleka.

Juzi alinikuta nachambua maharage, akakaa karibu nami. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Sekela, wewe ndiye uliyeongea na fundi. Haiwezekani kweli?"

Nilikuwa nimepewa nafasi nyingine, mchana kweupe, na mtu anayeniita mwanangu. Nikamjibu, "Haiwezekani, mama."

Akanishika mkono akanishukuru kwa kumwambia ukweli. Akaenda kukunja nguo zake.

Nikisema, mume wangu atajua ni nani aliyemfanya amwache baba yake ugenini, na sidhani ndoa hii itapona. Na kuna watoto wanne. Nikinyamaza, bibi atakwenda kufa peke yake kwenye nyumba ya baridi, bila mtu wa kumpa maji, akiniombea baraka. Nimewaza kufunga keria kimyakimya, lakini nitaelezaje bati limepata wapi nguvu?

Ninyi mliokaa na wakwe, nanyi wanaume mliowahi kudanganywa na wake zenu, msinionee huruma, niambieni tu. Shule zinakaribia kufungwa. Nifanye nini?