Kihisi Kwenye Mkono wa Kushoto

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, nilitia sahihi yangu ya kwanza katika kitabu cha mahudhurio cha hospitali moja mjini Nakuru. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, cheti cha kidato cha nne chenye alama za kawaida, na kazi ya karani msaidizi wa stoo. Msimamizi wa Stoo, mzee mrefu aliyevaa koti la kijivu hata wakati wa joto, alinipeleka chumba cha nyuma akanionyesha rundo la vifaa vibovu: mashine za shinikizo la damu, mizani za watoto, taa za chumba cha upasuaji.

"Hivi vinangoja kuandikwa kwamba vimekufa," aliniambia. "Kazi yako ni kuandika."

Niliandika kwa miezi mitatu, kisha nikaanza kuvifungua. Ndani ya masanduku mengi mlikuwa na vijitabu vya maelekezo ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvitoa kwenye nailoni. Nilivisoma vyote wakati wa chakula cha mchana, nikiwa na kamusi pembeni. Mashine ya kwanza kuifufua ilikuwa ya shinikizo la damu. Ubovu wake wote ulikuwa mpira uliopasuka. Matroni, mkuu wa wauguzi, alinikuta nikijipima nayo.

"Wewe wa stoo, nani amekuambia uguse hiyo?"

"Hakuna, Matroni."

"Inasema presha yako ni ngapi?"

"Mia moja ishirini kwa sabini na nane."

Akaagiza mashine ya wodini, akanipima tena yeye mwenyewe. Namba zilikaribiana sana. "Haya," akasema. "Kesho kuja wodi ya tatu, kuna zingine nne. Na usivae hiyo shati, itatisha wagonjwa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi wa vifaa vya tiba. Mitihani ya ufundi niliifanya miaka mingi baadaye, nikijisomea nyumbani, na kila cheti nilichopata kilikuwa kinathibitisha kazi ambayo tayari nilikuwa naifanya.

Baadaye nilihamishiwa Gilgil, kwenye kituo kidogo. Mkubwa wangu huko alikuwa Afisa wa Vifaa, mtu wa maneno machache aliyepanga bisibisi zake kwa urefu. Kwake nilijifunza kusawazisha, yaani kulinganisha kipimo cha kifaa na cha kingine ambacho usahihi wake unajulikana, na kuandika tofauti. Kwake pia nilijifunza sheria moja.

"Fundi hafuati wagonjwa," alisema. "Kifaa kikisumbua, kinaletwa hapa kwa benchi. Ukianza kwenda nyumba za watu, hutarudi."

Alikuwa na sababu. Mafundi waliomtangulia walikuwa wakimaliza wiki nzima barabarani na benchi limejaa vumbi. Niliifuata sheria hiyo Gilgil, na niliporudishwa Nakuru kuhudumia kliniki ya kisukari nilirudi nayo. Niliifuata kwa miaka kumi na tisa.

Katika kliniki hiyo nilisimamia glukometa, mashine ndogo za kupima sukari kwa tone la damu ya kidole. Mgonjwa alitakiwa kujipima nyumbani mara nne kwa siku na kuandika namba kwenye daftari. Wengi hawakuweza. Stripi, vile vijiti vinavyopokea damu, zilikuwa ghali, na vidole viliuma. Asubuhi ya kliniki ungewaona kwenye foleni wakijaza namba za mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Daktari wa kliniki alijua, nasi sote tulijua. Kwa hiyo vilipofika vihisi vya kwanza, vifaa vinavyopima sukari mfululizo usiku na mchana bila kumwomba mtu aandike chochote, nilifurahi kuliko wauguzi.

Kihisi chenyewe ni kitufe cha plastiki, upana wake kama sarafu ya shilingi ishirini, kinachobandikwa nyuma ya mkono juu ya kiwiko. Chini yake pana uzi mwembamba kama unywele unaoingia chini ya ngozi. Uzi huo haugusi mshipa wa damu. Unapima sukari iliyo katika maji yanayozunguka chembe za mwili, na kila dakika chache unapeleka namba kwenye simu. Kikikaa siku kumi na nne, kinatolewa na kingine kinabandikwa. Nilikisoma kijitabu chake mara tatu kabla ya siku ya kwanza.

Daktari alichagua kihisi cha kwanza apewe Nyambura. Jina hilo si lake halisi. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na alikuwa akijidunga insulini tangu akiwa shuleni. Alikuwa na mimba ya wiki ya ishirini na mbili. Mimba mbili zilizotangulia zilifika miezi saba na kuendelea, na watoto wote wawili walizaliwa wafu. Sukari ya mama ikikaa juu, mtoto hukua kupita kiasi na huweza kufa tumboni bila dalili. Wanawake wa rika lake kule kwao, karibu na Kariandusi, waliitwa Mama Fulani. Yeye bado aliitwa kwa jina lake.

Alikuja na mumewe, Karanja, aliyefanya kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe, na ule weupe ulikuwa umebaki kwenye nyusi zake.

"Boss, hii kitu itashika redio?" Karanja aliniuliza nilipokuwa nikiunganisha simu.

"Itashika sukari peke yake."

"Basi bibi yangu atakuwa anaimba peke yake."

Nyambura hakucheka. Aliniuliza, "Fundi, hii itaniambia ukweli? Hata kama nimelala?"

"Itakuambia," nilimjibu. Kisha nikauliza swali ambalo kijitabu kilinitaka niulize. "Unatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi tuweke wa kushoto, ule usiofanya kazi, kisigongwe."

Sista wa kliniki alisafisha ngozi kwa spiriti, akangoja ikauke, akabonyeza. Nyambura alishtuka kidogo tu. Tulingoja saa moja kifaa kijipashe, na namba ya kwanza ilipotokea tulimpima kidole kulinganisha. Kidole kilisema saba nukta moja, kihisi sita nukta nane. Niliandika tofauti. Ilikuwa ndogo na ilinipendeza. Nikamwambia sasa anaweza kuacha kujidunga vidole.

Siku ya tatu simu ilianza kulia. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ilimwonyesha tatu nukta moja, na sukari ikishuka chini ya nne mtu anaweza kuzimia. Alifanya kama alivyofundishwa: vijiko vitatu vya glukosi kwenye maji. Saa kumi jioni ililia tena, naye akanywa tena. Hali ikawa hivyo kila siku, na kila baada ya mshuko namba zilipanda hadi kumi na mbili, kumi na tatu, ambazo kwa mjamzito ni za juu mno.

Alipokuja kliniki Daktari aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Akaeleza kwamba insulini ikizidi, sukari hushuka sana, kisha mwili huirudisha juu kwa nguvu. Dawa yake ni kupunguza sindano. Lakini kabla ya kuandika alinigeukia.

"Fundi, hiki kifaa ni kizima?"

Nilimkalisha Nyambura kwenye benchi langu. Nikampima kidole mara tatu, kila baada ya dakika ishirini, na mara zote tatu kihisi kilikubaliana na damu.

"Ni kizima, Daktari."

Kwa neno langu alipunguza sindano ya asubuhi na ya jioni. Wiki mbili baadaye tulibandika kihisi kipya, mkono uleule. Mishuko ilikuwa palepale, na vilele vilikuwa virefu zaidi. Daktari aliuliza tena, nami nikapima tena na kujibu vilevile. Sindano ikapunguzwa mara ya pili. Mimba ilikuwa imefika wiki ya ishirini na sita, na Sista alipompima tumbo aliandika kwamba mtoto ni mkubwa kuliko wiki zake. Nyambura alisoma maandishi hayo yakiwa yamegeuzwa, upande wa pili wa meza.

"Hata wale wengine mliandika hivyo," alisema.

Mchoro ule nilibaki nao kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeutazama kama namba, na wiki iliyofuata nikaanza kuutazama kama umbo. Sukari ya mtu hushuka kama mteremko. Hii ilianguka kama ukuta, ikakaa chini dakika ishirini, ikapanda kama ukuta kabla hata glukosi haijapata muda wa kufika kwenye damu. Tena siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, hapakuwa na mshuko wowote. Nilimpigia simu.

"Alhamisi na Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Nilienda matanga Njoro. Kwani nilikosea?"

"Hapana. Asubuhi na saa kumi jioni, ukiwa nyumbani, unakuwa unafanya nini?"

"Si nakamua, Fundi. Ng'ombe hazijui mimi ni mgonjwa."

Jumamosi nilichukua glukometa na stripi kumi, nikaenda Kariandusi bila kumwambia mtu. Nilifika saa kumi kasorobo. Nyambura alikuwa na ng'ombe watatu, na wa mwisho kukamuliwa alikuwa mweusi mwenye doa usoni, aitwaye Susana.

"Kaa huko mbali," alinionya. "Huyu hapendi watu wa ofisi. Daktari wa mifugo alirushwa hadi kwa lishe."

Akaketi kwenye kigoda upande wa kulia wa ng'ombe. Mkono wa kulia ukaanza kukamua. Wa kushoto ulikamua pia, lakini ulikuwa na kazi nyingine: sehemu ya juu ya mkono, kuanzia begani hadi kiwikoni, aliibana kwa nguvu kwenye paja la nyuma la Susana, ili ausikie mguu kabla haujaruka. Kitufe chetu kilikuwa katikati, kimebanwa kati ya mfupa wa mwanamke na paja la ng'ombe.

Baada ya dakika nane simu ililia. Tatu kamili.

"Usinywe kitu," nilimwambia. "Nipe kidole."

"Na maziwa?"

"Nipe kidole, Nyambura."

Damu ilisema tisa nukta nne.

Nilisimama pale nimeshika mashine mbili. Ngozi ikibanwa, maji yaliyo chini yake husukumwa kando, na uzi hubaki ukipima mahali pakavu. Maelekezo yalitaja jambo hilo kwa mstari mmoja, kuhusu watu wanaolalia mkono. Niliusoma mstari huo mara tatu na sikumfikiria mtu anayeegemea ng'ombe. Kifaa kilikuwa kizima kweli. Mimi nilikuwa nimekipima kwenye kiti changu, mama ametulia, mikono juu ya mapaja, hali ambayo hakuwa nayo kwa zaidi ya saa moja katika siku yake nzima.

"Kwa hivyo sikuwa nashuka?" aliuliza.

"Hukuwa unashuka. Nilikosea. Ile glukosi yote ulikunywa bure, na sindano zilipunguzwa bure."

Aliusukuma mguu wa Susana, akainuka, akauweka mkono tumboni na kungoja. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja pamoja naye pale. Hatimaye akatikisa kichwa kukubali.

"Anacheza," alisema. "Piga simu kwa Daktari sasa hivi. Usingoje Jumatatu."

Nilipiga nikiwa zizini. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpe simu mama." Sindano zilirudishwa hatua kwa hatua kuanzia jioni ile, na vidole vikapimwa tena mara nne kwa siku. Jumatatu Sista alikitoa kihisi, akabandika kipya mkono wa kulia. Mishuko ikaisha kabisa. Nilikiri mbele ya kliniki yote, kwa maandishi. Daktari aliisoma barua yangu, akasema, "Na mimi sikumuuliza anafanya kazi gani. Andika majina mawili."

Mtoto alitolewa kwa upasuaji wiki ya thelathini na sita, wa kike, kilo nne nukta mbili. Alilia. Lakini watoto wa namna hiyo wamezoea sukari nyingi ya mama, na kitovu kikikatwa sukari yao wenyewe huporomoka. Yake iliporomoka kweli, na kupumua kukawa kwa shida. Alilazwa chumba cha watoto wachanga siku sita, na kila baada ya saa tatu alidungwa kisigino. Mashine ya kumpimia niliisawazisha mimi, pale pale kando ya kitanda chake. Siku ya saba aliondoka akinyonya.

Nilistaafu mwaka uliofuata, kabla ya umri wa lazima, kwa sababu macho yamechoka na skrubu ndogo. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kifaa kipi ni bora. Mimi huwauliza mgonjwa wao wa mwisho hufanya nini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wengi hawajui. Kijitabu cha maelekezo kiliandikwa na mtu makini ambaye hajawahi kukutana na huyo aliye mbele yako, na nusu ya pili ya kijitabu hicho ni lazima uiandike wewe, kwa kumuuliza, na ikibidi kwa kwenda kwake. Sheria ya benchi ilinifundisha mpangilio, na siilaumu. Niliacha tu kuiuliza maswali kwa sababu ilinifaa.

Huniuliza pia kosa lile liligharimu nini, kwa kuwa mtoto alipona. Mama alikaa zaidi ya mwezi akiamini mwili wake unaua tena, na hilo sina kipimo chake. Ninachoweza kutaja ni kile Karanja alichonionyesha kwenye dirisha la malipo, bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mwenzake hali ya hewa. Ni gharama ya siku sita za chumba cha watoto wachanga, baada ya bima kulipa sehemu yake: shilingi elfu kumi na nane, mia sita na arobaini.