Bustani Chini ya Tuta

Tangu mvua zianze, Mama Bustani hakuwa mtu wa kukaa. Akiinjika sufuria, anatoka nje. Akitoka nje, anasahau alichofuata. Alishika ufagio akafagia ua ambao alikwisha kuufagia, akauacha ufagio katikati, akaenda kusimama mwisho wa ua kutazama bondeni, kwenye paa la bati la nyumba ya binti yake.

"Wewe mama, umekalia siafu?" mumewe alimuuliza.

Mume huyo watu walimwita Tinga, kwa kuwa aliendesha tingatinga mpaka akastaafu. Kazi yake ya mwisho aliifanya kwake mwenyewe: alisukuma udongo akaziba kibonde nyuma ya nyumba kwa tuta, akapata bwawa. Mengine yote aliyowahi kujenga yalikuwa ya watu. Kila asubuhi alipita juu ya tuta, mikono nyuma, akiziba mashimo ya panya na kung'oa kila mche wa mti uliothubutu kuota. Bwawa lile alilipenda kuliko dawa zake za presha, ambazo alikumbuka kuzinywa akikumbushwa.

Upande wa nje, chini kabisa ya tuta, palikuwa pa mkewe. Hapo alipanda vitunguu, nyanya na mboga za majani. Wakati wa kiangazi, bustani za wenzake zikigeuka majani makavu, yake ilinawiri. Wanawake wakipita njiani walisimama.

"Mama, una mkono wewe!"

"Mkono gani, wanangu? Ni ndoo hizi. Asubuhi ndoo, jioni ndoo. Mgongo wenyewe hauna hali." Na hapo alijishika kiuno.

Ndoo hazikuwapo. Udongo ulikuwa na maji wenyewe, yakipanda kutoka chini, naye alimshukuru Mungu akanyamaza. Msimcheke upesi. Mama mkwe wake, enzi za uhai wake, alimtangaza kuwa mvivu mbele ya wageni wa harusi, bi harusi akiwa bado na maua kichwani. Mtu aliyeanza ndoa hivyo, akivishwa kilemba cha ukoka, hakivui.

Kabla ya mvua alikuja mkaguzi wa mabwawa, msichana mwenye mabuti ya mpira yaliyomzidi miguu. Alikagua juu, akampongeza Tinga, kisha akashuka bustanini na kubonyeza udongo kwa kisigino. Kisigino kikazama. Majirani wawili watatu walikuwa wamesimama wakitazama.

"Samahani, mama. Hapa pana maji. Huwa unamwagilia?"

"Kila siku, mwanangu. Asubuhi na jioni."

Ulimi ulikwisha kuizoea njia ile, ukaenda wenyewe. Tinga akashusha pumzi. Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali.

"Basi sawa. Ila ukiona maji yanatoka yenyewe, hasa yakiwa na tope, usingoje hata kidogo. Hapo ujue tuta linaliwa kwa ndani."

Akaondoka, na Mama Bustani akarudi kwenye vitunguu vyake kama hakusikia.

Mvua zikaja, bwawa likajaa. Asubuhi moja, katikati ya vitunguu, alikuta kijitundu kinachosukuma maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Alikiziba kwa jiwe. Kesho yake maji yakatokea pembeni. Akayafunika kwa majani ya mboga, mtu mzima na akili zake, kisha akapanda nyumbani akaanza kufagia ua. Kusema ukweli kulimaanisha kusema yote: kwamba alimdanganya mkaguzi, na majirani, na mume. Alijiambia atasema kesho. Alikuwa amejiambia hivyo jana pia.

Siku hiyo ya ufagio, binti yake alipanda kuja kuwasalimia, mtoto mchanga mgongoni.

"Huyu sasa analala vizuri, mama. Tumehamishia kitanda chumba cha nyuma, upande wa bwawa. Kule kuna ubaridi mzuri."

Mama Bustani alimchukua mtoto, akamkumbatia mpaka mtoto akalia.

"Usirudi kule," alisema. "Mpigie mumeo simu, atoke sasa hivi. Mzee! Mzee, njoo!"

Tinga akatoka na kikombe mkononi.

"Sijawahi kumwagilia," mkewe alimwambia.

"Kumwagilia nini?"

"Bustani. Hata ndoo moja. Na sasa yanatoka na tope."

Tinga alianza kucheka, maana utani ule ulimfaa mkewe. Kisha kicheko kikamkauka. Aliteremka tuta bila viatu, akapiga magoti kwenye vitunguu, akakinga maji kwa kiganja na kuyasugua kwa vidole. Udongo mwekundu ukabaki kiganjani. Aliujua. Aliusukuma mwenyewe.

"Tuta langu hili," alisema. "Linatoka."

Hakugomba. Alikwenda kwenye bomba la kutolea maji, akaipiga koki nyundo mpaka ikakubali, na maji yakaanza kunguruma kwenye mfereji wa pembeni, mbali na nyumba. Mkwe alipanda na godoro kichwani. Mkaguzi alipigiwa simu. Mchana kutwa walisimama mvuani wakitazama bwawa likipungua, Tinga akifuta uso ambao mvua haikuuacha ukauke.

"Ungeniambia," alisema hatimaye.

"Niliona aibu."

"Mimi nami nilikuwa napita huko juu tu. Sikushuka kukagua. Nilikuwa najivunia bustani yako."

Hapo ndipo mama wa watu alipolia kwa sauti.

Mkaguzi alipochimba alikuta pango ndani ya tuta, mtu angeingiza mkono hadi begani. Bwawa likabaki tupu, na mvua zilipokwisha bustani ikakauka haraka, ikawa kama za wenzake. Wanawake walipita wakamkuta anang'oa miche ya nyanya iliyokauka, mjukuu mgongoni.

"Vipi, mama? Mgongo umekushinda? Umeacha kumwagilia?"

Jibu lilikuwa mdomoni, tayari, tamu. Mkono wake ulikwisha kufika kiunoni. Akaushusha.

"Sikuwahi kumwagilia. Lilikuwa bwawa linavuja, na mimi nikaficha."

Mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Wengine walitazama lile paa la bati kule bondeni. Mama Bustani akamkaza vizuri mjukuu mgongoni, akaendelea kung'oa.